Uanagenzi wa posho au wa bure: kijana wa Lamu au Malindi anayeingia kwenye burudani achague upi?

Mpwa wangu amemaliza diploma ya utangazaji na utayarishaji wa vipindi, na juzi alipata majibu mawili siku moja. Kampuni ya filamu na matangazo iliyoko Nairobi inamtaka kwa miezi 6, bila malipo yoyote, awe kwenye seti, yaani pale filamu zinapopigwa, na kwenye chumba cha kuhariri. Hoteli ya ufuoni Malindi inamtaka kwa miezi 6 vilevile, idara ya animesheni, yaani ya kuwaburudisha wageni, ashike sauti na taa za maonyesho ya usiku na apige video za wageni, kwa posho ya shilingi 10,000 kwa mwezi, chakula, na kitanda kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuja barazani kwetu Lamu baada ya Magharibi, akanionyesha simu, akasema, "Mjomba, Nairobi ndiko iliko kazi yenyewe. Lakini mama anasema kazi ya bure ni ya Mungu tu."

Mamake ana hoja kubwa kuliko anavyodhani, na nitaifikia. Mimi nimeshika maiki na kamera tangu nikiwa na umri wa huyu binti, na nilianza bure. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia usiku ule nikiwa nimeshalala.

Bure ziko tatu

Hapa kwetu mtu akisema "nilifanya bure", huenda anazungumzia mojawapo ya mambo matatu yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni kusaidia jambo la mji. Maulidi yakifika pale msikiti wa Riyadha, vijana hubeba spika, huvuta nyaya, hukesha na mixa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na hakuna anayeuliza atalipwa nini. Ni ibada na ni mapenzi, wala hakuna anayevuna faida ya biashara kutoka migongoni mwao. Hii ndiyo bure anayoisema dada yangu, na ina baraka zake.

La pili ni atachimenti ya chuo. Mwanafunzi bado ameandikishwa, anakaa wiki 12 hivi, ana kitabu cha kumbukumbu kinachotiwa saini, na mwalimu huja kumkagua. Mara nyingi halipwi. Akipewa nauli amebahatika. Lakini anapata alama, na mambo yakiharibika kuna chuo cha kupigia simu.

La tatu ndilo hili la mpwa wangu. Ameshahitimu. Hana chuo nyuma yake. Anakwenda kwa kampuni inayouza matangazo, na kazi ya mikono yake itakuwa ndani ya matangazo hayo. Tatizo ni kwamba hili la tatu huvikwa nguo za yale mawili ya mwanzo. Kijana huambiwa "jitolee", utadhani ni Maulidi, na huambiwa "unajifunza", ilhali hakuna mwalimu wa kumkagua.

Najua watu watanitajia mafundi wa zamani, kwamba mwanagenzi hakulipwa. Babu yetu mzaa mama alichonga milango, na kweli hakupokea mshahara alipokuwa akijifunza. Lakini kila mchana alikula kwa fundi wake. Iddi alishonewa kanzu. Fundi alikaa naye ukumbi mmoja, akimshika mkono akikosea mshipa wa mbao, na siku alipohitimu alipewa patasi na nyundo zake, kisha mteja wake wa kwanza akaletwa na fundi yuleyule. Ukipata kampuni itakayokufanyia hata nusu ya hayo, nenda, isikushughulishe kwamba haitoi mshahara.

Hesabu

Tulichukua karatasi. Nairobi atakaa kwa ami yake, achangie 5,000 kwa mwezi kwa sababu ami naye ana watoto. Nauli tuliweka 200 kwa siku, siku 24, ikawa 4,800. Chakula cha mchana 150 kwa siku, 3,600. Bando la simu 1,000. Jumla 14,400 kila mwezi, na kwa miezi 6 ni 86,400. Hapo hatujahesabu zile siku ambazo seti hufungwa saa sita usiku, matatu zimepungua, na msichana hana budi kukodi teksi.

Dada yangu aliitazama ile 86,400 akanyamaza. Yeye huuza mahamri na mbaazi asubuhi. Kazi ya bure haina maana kwamba hakuna anayelipa. Analipa yeye, hamri moja moja, ili kampuni asiyoijua isilipe.

Malindi tukahesabu hivi: chakula na kitanda vipo, binti atumie 4,000 kwa mwezi kwa mahitaji yake, abakishe 6,000. Miezi 6 ni akiba ya 36,000. Ukiweka akiba hiyo kando ya lile shimo la Nairobi, tofauti ni 122,400. Ni mtaji wa mtu wa kamera: kamera iliyotumika, lenzi moja na maiki ya kifuani.

Lakini Malindi nako kuna jambo la kuuliza mapema, nalo ni msimu. Hoteli za ufuoni hujaa Desemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti. Mvua za masika zikianza Aprili wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kabisa, na wa kwanza kurudishwa makwao ni watu wa animesheni. Miezi 6 inayoanzia Januari yaweza kugeuka mitatu. Kwa hivyo posho ya 10,000 ichukuliwe pamoja na swali: na Aprili je?

Utafundishwa na nani, nini, mpaka lini

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi hudanganyika, na mimi nilidanganyika.

Nilifanya miezi 6 ya bure kwenye kampuni ya vipindi, si hapa pwani. Mwezi wa kwanza nilijifunza mambo ambayo nayatumia hadi leo. Nilijifunza kukunja kebo isijinyonge, kuisikia betri ya maiki inayokaribia kufa kabla mtu mwingine hajaisikia, kukaa kimya mahali panapotakiwa kimya. Nilijifunza kwamba kabla ya kurekodi mtu unarekodi chumba kikiwa kitupu kwa nusu dakika, ili mhariri apate cha kuzibia. Hayo ni elimu, na sijuti.

Kuanzia mwezi wa pili sikujifunza kitu. Nilikuwa nimeshajua, na kwa sababu nilikuwa nimeshajua, nilitumwa zaidi. Nilipanga vifaa, nikaendesha sauti ya mahojiano peke yangu, nikanunua chai, nikarudisha magari ya kukodi. Kipindi kiliporushwa hewani jina langu halikuwemo kwenye orodha ya mwisho. Aliyekuwa akinifundisha aliacha kazi mwezi wa tatu na hawakuajiri mwingine, kwa sababu nilikuwepo mimi.

Kwa hiyo swali ninalompa kila kijana anayeniuliza ni hili: nisipokuja, kazi hii ataifanya nani? Waulize hivyohivyo kwenye simu. Wakijibu kwamba kuna mtu wake na wewe utakaa naye, umepata mwalimu. Wakibabaika, au wakisema "tutatafuta mwingine", basi hiyo ni ajira iliyokosa mshahara, hata ikiitwa uanagenzi.

Nairobi ina kitu ambacho Malindi haina, na nisiinyime haki. Kwenye seti kubwa utaona idara zote zikifanya kazi kwa pamoja: kamera, taa, sauti, mavazi, mapambo, na yule anayeshika ratiba ya siku na kumjua kila mtu yuko wapi. Utaona jinsi tangazo la sekunde 30 linavyokula siku mbili. Utakaa nyuma ya mhariri ukaelewa kwa nini anaondoa kipande ambacho wewe ungekiacha. Hayo huwezi kuyapata ukumbini mwa hoteli.

Lakini hoteli ina kingine: marudio. Onyesho la jukwaani usiku, mara 5 kwa wiki, kwa wiki 26, ni maonyesho 130. Kila usiku kuna sarakasi, kuna mwimbaji, kuna ngoma, kuna maiki inayopiga kelele mbele ya watu 200 na hakuna wa kuita "kata, tuanze tena". Mtu aliyeendesha mixa mara 130 ana mkono ambao aliyetazama wenzake miezi 6 hana. Tena Malindi atatoka na Kiitaliano cha kuombea kazi, kwa maana wageni wengi wa pale na wenye hoteli kadhaa ni Waitaliano, na wao hupenda mtu wa jukwaa anayewasalimu kwa lugha yao.

Hatari ya hoteli ni kwamba idara ya animesheni ni pana. Unaweza kuajiriwa kwa sauti ukajikuta asubuhi unarusha mpira bwawani na watoto, mchana mazoezi ya viungo, jioni umechoka, na mixa anaishika mwingine. Mpwa wangu aulize: ni nani anayeshika mixa sasa, na mimi nitaishika kuanzia wiki ya ngapi?

Wenzetu walifikishana mahakamani

Jambo hili liliwahi kutikisa Hollywood yenyewe. Mwaka 2011 vijana wawili waliofanya kazi bila malipo kwenye filamu ya Fox Searchlight waliishtaki kampuni hiyo. Kazi zilizotajwa mahakamani zilikuwa za kupokea maagizo ya chakula cha mchana, kujibu simu, kutoa taka na kuunganisha samani za ofisi. Juni 2013 jaji wa New York alisema hao walikuwa wafanyakazi na walistahili mshahara. Kampuni nyingine zikaanza kutafuta suluhu: mwaka 2014 NBCUniversal ilikubali kulipa dola milioni 6.4 kumaliza kesi ya wanagenzi wake, na Condé Nast ya magazeti dola milioni 5.8.

Kisha Julai 2015 mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi ule wa 2013 na kuweka kipimo kingine: nani anafaidika zaidi, kijana au kampuni? Januari 2018 Wizara ya Kazi ya Marekani ilikichukua kipimo hicho. Huangaliwa mambo 7. Mawili ndiyo yanayonigusa: je, muda wa uanagenzi unakoma pale kujifunza kunapokoma? Na je, kazi ya mwanagenzi inaikamilisha kazi ya wanaolipwa, au inachukua nafasi yao? Niliposoma haya mara ya kwanza niliukumbuka ule mwezi wangu wa pili. Ufaransa wamekata shauri kwa njia nyepesi zaidi: mafunzo ya kazini ya mwanafunzi yakizidi miezi 2, lazima alipwe kitu.

Hizo ni sheria za kwao, na huwezi kuziwekea kampuni ya Nairobi mezani. Ila kipimo chenyewe kinafaa kichwani mwako popote ulipo.

Za kwetu za kushika ni hizi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na mwenye kuuandaa ni mwajiri. Inasema pia mfanyakazi apate angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, jambo ambalo watu wa filamu na watu wa hoteli wote hupenda kulisahau wakati wa msimu. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya 2007 vilevile, inamhesabu mwanagenzi aliyeandikishwa kuwa mfanyakazi. Sasa fikiria kijana wa bure asiye na karatasi yoyote, anayepanda ngazi kufunga taa. Akianguka, atathibitishaje kwamba alikuwa kazini? Anayepokea posho angalau ana ujumbe wa M-Pesa kila mwisho wa mwezi wenye jina la aliyemtumia. Kwa hoja hii pekee ningemshauri mtu akubali hata posho ndogo kuliko kukosa kabisa.

Kwa msichana

Nitasema wazi kwa sababu akina mama huniuliza kwa kunong'ona. Burudani ina usiku mwingi, safari nyingi, na wakubwa wanaojua kwamba una njaa ya nafasi. Mwaka 2013 msichana aliyekuwa akifanya uanagenzi wa bure katika kituo cha televisheni New York alikishtaki kituo hicho akidai mkubwa wake alimnyanyasa kijinsia, na jaji akasema sheria ya jiji haikumlinda kwa kuwa hakuwa akilipwa, kwa hivyo hakuwa mfanyakazi. Jiji lilibidi kuibadilisha sheria yake mwaka 2014. Kwetu, Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na tamko la maandishi kuhusu unyanyasaji wa kijinsia. Omba kuliona. Hoteli huwa nalo. Kampuni ya watu 6 huenda isiwe nalo, na hapo uliza angalau ukipata shida utamwambia nani, na uhakikishe jina utakalotajiwa si la yule atakayekuwa bosi wako.

Nani huwa kwenye seti

Lamu huja watu wa kamera kila mwaka. Huja kwa ajili ya mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kwa ajili ya majahazi, punda, ngome. Huja na timu kamili kutoka Nairobi au ng'ambo, na huajiri wetu wa kubeba masanduku kutoka gati ya Manda, wa kukodi mashua, na fiksa mmoja wa kuongea na wazee. Niliwahi kumuuliza mkuu wa seti moja kwa nini hakuna kijana wa hapa kwenye kamera. Alisema kwa upole kwamba hawana uzoefu wa seti. Alisema kweli. Uzoefu wa seti hupatikana Nairobi, bure, na anayeweza kukaa Nairobi miezi 6 bila mshahara ni yule ambaye wazazi wake wanaishi Nairobi.

Hilo linaniuma, na ndiyo sababu sitamwambia mpwa wangu kwamba Nairobi haina faida. Inayo. Bei yake ndiyo iliyowekwa mahali ambapo watoto wa wauza mahamri hawafiki.

Fedha ambazo tayari ziko mlangoni

Kuna jambo binti huyu hakulihesabu. Harusi za kwetu zina shughuli za wanawake watupu, ambako simu hukusanywa mlangoni na mwanamume haingii hata akiwa na kamera ya dhahabu. Wenye harusi wanamtafuta mpiga video mwanamke, na walio wazuri hawatoshi kuanzia hapa hadi Mombasa. Harusi moja anaweza kulipwa posho ya mwezi mzima ya hoteli, au zaidi. Nilimwambia: uchague Malindi au Nairobi, kwenye makubaliano iandikwe kwamba siku yako ya mapumziko ni yako na unaweza kufanya kazi zako. Vilevile kamera ya kampuni usiitumie kwa harusi, wala klipu za kampuni usiziweke kwenye ukurasa wako bila ruhusa ya maandishi. Kwa kawaida unachopiga ukiwa kazini ni mali ya mwajiri.

Kuna pia Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo huwa mwezi wa Novemba, siku chache tu za mashindano ya punda, ya majahazi, ya bao. Kujitolea siku hizo kwenye sauti au kamera ni bure ninayoikubali: ni fupi, unalala kwenu, na utakutana na watu wa vyombo vya habari bila kumaliza akiba ya mama. Ajifunze pia vibali. Anayejua kwamba kupiga filamu kunahitaji leseni ya bodi ya uainishaji wa filamu, kwamba ngome ni ya Makavazi ya Taifa, na kwamba droni ina masharti ya mamlaka ya usafiri wa anga, huyo seti inayokuja Lamu itamhitaji kabla haijashuka kwenye mashua.

Nilichomshauri

Malindi, kwa sharti la mixa na la Aprili. Nairobi ningeikubali wakipunguza iwe miezi 3, walipe nauli na chakula cha mchana, wamtaje kwa jina mhariri atakayekaa naye, na waandike kwamba jina lake litatokea kwenye orodha ya mwisho ya kila kazi aliyoshiriki. Wanaosema hayo ni mengi kwa mwanagenzi wangefanya hesabu ya nauli na chakula kwa miezi 3 kama tulivyofanya sisi: ni 25,200. Kampuni inayotengeneza matangazo hutumia zaidi ya hiyo kwa siku moja ya kukodi vifaa.

Mwenye chuo bado, akiwa amepata atachimenti ya wiki 12 na ana pa kulala, mimi simzuii kwenda bure. Aliyehitimu, mwenye wadogo nyumbani, asiende bure kwa zaidi ya miezi 3, kampuni iwe na jina kubwa namna gani.

Binti aliandika barua zote mbili usiku uleule, nikamsahihisha maneno mawili tu. Nairobi hawajajibu. Malindi wametuma mkataba wa kurasa 2. Mixa imeandikwa, kuanzia wiki ya tatu, lakini Aprili haikutajwa. Ameurudisha leo asubuhi akiomba iandikwe.